Shajara ya mradi: mwongozo wa dhana za kuhakiki fasihi

Kanuni na matini za majaribio

Mwongozo huu unaandaliwa kwa msomaji anayeanza uhakiki na kwa mwalimu anayemwongoza. Kila dhana inaingia kwa sharti moja: iwe na jaribio, yaani swali ambalo matini inaweza kulijibu "hapana". Dhana isiyoweza kukataliwa na matini haimsaidii mtu kusoma. Inamzoesha kubandika majina: hapa pana sitiari, pale pana takriri, kule pana taswira. Akimaliza kuorodhesha, bado hajasema lolote kuhusu kazi aliyoisoma.

Ili majaribio yalinganishike, dhana zote zinapimwa kwa matini mbili fupi zilizotungwa kwa ajili ya mradi. Ya kwanza ni nathari:

Mlango ulikuwa wazi. Baba alisema hakuna aliyeondoka, lakini viatu vya kaka havikuwapo. Mama aliosha vikombe vinne, akapanga mezani vitatu. Nilikuwa na miaka saba. Nikadhani kimoja kimevunjika.

Ya pili ni ubeti wa tarbia, yaani wa mishororo minne:

Mlango wazi twaweka, upepo wapita ndani,
Vikombe tunavishika, kimoja ki kabatini,
Jina lake twalizika, halitoki midomoni,
Yu wapi aliyetoka, mbona yu mwetu moyoni?

Watunzi wa matini hizi wapo na wanaweza kuulizwa walikusudia nini. Imeamuliwa wasiulizwe, na sababu inaelezwa kwenye ingizo la kusudi hapa chini.

Mada, maudhui, dhamira (ingizo limefungwa, yaani limekamilika)

Hapa ndipo majibu mengi ya wanafunzi yanapoharibika mapema. Mwanafunzi anaandika "dhamira ni familia". Hiyo ni mada: jambo linalozungumziwa, na hutajwa kwa neno moja au mawili. Dhamira, kama mwongozo unavyoitumia, ni kile ambacho kazi inakisema kuhusu mada hiyo, kwa hiyo huandikwa kwa sentensi kamili. Maudhui ni jumla pana zaidi inayokusanya dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo.

Jaribio: andika dhamira kwa sentensi yenye kiima na kiarifu, kisha uliza kama msomaji mwenye akili anaweza kuipinga. "Familia ni muhimu" haipingiki, kwa hiyo haijasema kitu. "Ukweli unaokanwa kwa maneno hufichuliwa na matendo" inapingika, na inamlazimisha msomaji arudi kwenye matini kutafuta maneno ya nani na matendo ya nani. Jaribio la nyongeza ni kuuliza kama sentensi hiyo ingeifaa hadithi nyingine yoyote yenye mada hiyohiyo. Ikiifaa kila hadithi, haijatoka kwenye hii.

Hadithi na msuko (limefungwa)

Tofauti hii iliwekwa wazi na wanaumbo wa Urusi, wahakiki waliochunguza umbo la kazi, mwanzoni mwa karne ya 20: upande mmoja kuna hadithi, yaani matukio kwa mpangilio wa wakati yalivyotokea, upande wa pili kuna msuko, yaani matukio kama matini inavyoyapanga. Utaratibu wa kuipima ni wa mikono. Andika kila tukio kwenye kipande chake cha karatasi, ukipe namba kwa mpangilio wa matini, kisha upange upya vipande kwa mpangilio wa saa. Namba zikiruka, pale zinaporuka ndipo pa kuuliza kwa nini.

Kwenye nathari yetu jambo la kwanza linaloonekana si mruko bali upungufu. Ukiyapanga matukio kwa saa unahitaji kipande kinachosema "kaka anaondoka", na matini haina kipande hicho. Tukio linalosababisha mengine yote halikusimuliwa. Mwongozo unaelekeza kipande hicho kiandikwe kwa penseli na kiwekewe duara, kwa sababu pengo ni sehemu ya msuko kama lilivyo tukio. Kosa la kawaida ni msomaji kulijaza pengo haraka na kuendelea kana kwamba amelisoma: "kaka alitoroka usiku". Usiku haumo. Kutoroka pia hakumo. Kilichomo ni mlango wazi na viatu visivyokuwapo.

Mhakiki Gérard Genette mwaka 1972 aliugawa wakati wa masimulizi katika maswali matatu: mpangilio, muda na marudio. Yote matatu yamewekwa, lakini la muda limepewa nafasi zaidi kwa sababu wanafunzi hulisahau. Linauliza tukio limepewa maneno mangapi likilinganishwa na urefu wake. Kuosha vikombe kumepewa sentensi nzima, kuondoka kwa mtu hakukupewa hata neno.

Msimulizi na mtazamo (limefungwa, baada ya kupanuliwa)

Ingizo hili limekua kuliko yote, na linastahili. Fasili iliyozoeleka inaishia kwenye nafsi: msimulizi wa nafsi ya kwanza, wa nafsi ya tatu, msimulizi maizi, yaani ajuaye yote. Nafsi peke yake haitoshi, kwa sababu inajibu nani anasema na kuacha nani anaona. Hayo ni maswali mawili, na Genette ndiye aliyesisitiza yatenganishwe.

Chukua "Nilikuwa na miaka saba, nikadhani kimoja kimevunjika." Anayeona vikombe ni mtoto. Anayesema si mtoto, kwani mtoto wa miaka saba hasemi "nilikuwa na miaka saba". Kwa hiyo "mimi" ya sentensi hii ni watu wawili wenye umri tofauti, na mkubwa ameamua kutomsahihisha mdogo. Anajua sasa kwamba hakuna kikombe kilichovunjika, lakini hatuambii. Msomaji anayeishia kuandika "msimulizi ni wa nafsi ya kwanza" amepata alama ya umbo na kuukosa moyo wa kifungu.

Majaribio ya ingizo hili ni ya kubadilisha. Badilisha kipengele kimoja tu, soma tena, kisha eleza kilichopotea.

Kwanza, badilisha nafsi: "Alidhani kimoja kimevunjika, asijue kwamba kaka yake ameondoka." Habari imeongezeka, lakini kazi ya msomaji imekwisha. Awali yeye ndiye aliyejumlisha viatu na vikombe.

Pili, badilisha njeo, yaani kiambishi cha wakati: "nilidhani" badala ya "nikadhani". Kiambishi -ka- kinafuatanisha: mama akapanga vitatu, nami nikadhani. Wazo la mtoto linazaliwa na kitendo cha mama. Ukiweka -li-, wazo linasimama peke yake, na uhusiano wa mkono wa mama na akili ya mtoto unalegea. Viambishi vya njeo vinahitaji kuangaliwa katika kila kifungu cha masimulizi ya Kiswahili, kwa sababu kazi kubwa ya mtazamo hufanyika humo.

Tatu, badilisha kauli ya baba iwe usemi halisi kwenye alama za mtajo. Sasa hivi hatujui kama "hakuna aliyeondoka" ni maneno yake yenyewe au muhtasari wa msimulizi, wala hatujui alikuwa anamwambia nani.

Wayne Booth mwaka 1961 alitoa dhana ya msimulizi asiyeaminika, na hapo pana tahadhari. Kutojua si kudanganya. Mtoto huyu haaminiki katika tafsiri yake, lakini anaaminika kabisa katika anachokiona: idadi ya vikombe ni sahihi. Kwa hiyo jaribio linauliza mambo mawili kando kando: je, anaripoti sawasawa, na je, anatafsiri sawasawa?

Kinaya (limefungwa)

Aina tatu zimetenganishwa kwa swali la nani anajua nini. Katika kinaya cha usemi, msemaji anajua kwamba maana yake ni tofauti na maneno yake, na anataka msikilizaji aione tofauti hiyo. Katika kinaya cha hali, matokeo yanapingana na yaliyotarajiwa. Katika kinaya cha kidrama, hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui.

Ukilitumia swali hilo, kauli ya baba inatoka kwenye orodha. Anataka aaminiwe, kwa hiyo huo ni uongo au ukanaji, si kinaya. Kinaya cha kifungu kimo katika "nikadhani kimoja kimevunjika", nacho ni cha kidrama. Kosa linalorudi mara nyingi ni kuliita kinaya kila jambo la kusikitisha au la kushangaza. Mawili yakikutana bila kutarajiwa hiyo ni sadfa, na sadfa inakuwa kinaya pale tu inapogeuza jambo ambalo mtu alilitegemea.

Wahusika

Limefungwa bila shida. Mgawanyo wa mhusika bapa (wa sifa moja) na mhusika duara (wa sifa nyingi) alioutoa E. M. Forster mwaka 1927 umebaki, pamoja na kipimo chake: mhusika duara anaweza kutushangaza na bado tukamsadiki. Imeongezwa onyo kwamba ubapa si kasoro ya mtunzi. Katika kifungu kifupi karibu kila mhusika ni bapa, kwa hiyo swali la maana ni mhusika huyo anafanya kazi gani.

Sitiari, taashira, utata (limefungwa)

Sitiari inapimwa kwa sehemu tatu: kinachozungumziwa, kinachofananishwa nacho, na msingi wa ulinganisho. Mbili za kwanza zilitenganishwa na I. A. Richards mwaka 1936, na mgawanyo huo bado ndio chombo bora cha darasani. "Jina lake twalizika": kinachozungumziwa ni kunyamaza, kinachofananishwa nacho ni mazishi, msingi ni kukiondoa kitu mbele ya macho. Usiishie hapo. Uliza pia ni nini cha mazishi hakilingani. Anayezikwa amekufa, huyu ametoka tu. Tena kaburi ni mahali panapokumbukwa, kwa hiyo kuzika si kusahau. Pale ulinganisho unapokataa ndipo sitiari inapoanza kuzaa hoja.

"Halitoki midomoni" ni mfano mzuri wa utata unaofaa kulindwa. Jina halitamkwi kabisa, au jina haliishi kutamkwa. Jaribio la utata: kila maana ipate ushahidi wake ndani ya matini. Ya kwanza inaungwa mkono na "twalizika" kwenye ukwapi (nusu ya kwanza) wa mshororo huohuo, ya pili inaungwa mkono na kituo, yaani mshororo wa mwisho, "mbona yu mwetu moyoni". Zote mbili zinakaa. Maana isiyo na mhimili kwenye matini haiitwi utata, ni kusoma vibaya, na mwalimu aseme hivyo bila kusitasita.

Taashira, yaani kitu kinachosimamia wazo pana, ina masharti matatu. Kitu kiwe kwanza kitu halisi katika ulimwengu wa kazi. Kirudi au kipewe uzito usio wa lazima. Na mabadiliko yake yaende sambamba na mabadiliko ya watu. Vikombe vinafaulu katika matini zote mbili. Mlango unafaulu katika moja tu. Katika nathari "ulikuwa wazi", na hicho ni kidokezo cha tukio. Katika ubeti "wazi twaweka": watu wanauacha wazi kwa hiari, na upepo unawapitia. Kitu kilekile ni taashira katika ubeti na si taashira katika nathari, kwa sababu ya kitenzi. Orodha za "njiwa ni amani, giza ni ujinga" zimeondolewa kwenye mwongozo, kwa kuwa zinampa msomaji jibu kabla hajasoma.

Umbo la shairi (limefungwa)

Kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo, kwanza. Gawa kila neno kwa silabi: M-la-ngo-wa-zi-twa-we-ka ni 8, u-pe-po-wa-pi-ta-nda-ni ni 8. M ya "mlango" ni silabi inayojitegemea, lakini "mbe" ya "vikombe" ni silabi moja, na "twa" pia ni moja. N ya "nchi" huhesabiwa, ya "ndani" haihesabiwi. Anayehesabu kwa herufi badala ya sauti hukosea hapo, kisha hudai mtunzi amevunja arudhi, yaani kanuni za utunzi wa shairi.

Vina ni -ka na -ni, ukwapi kwa utao (nusu ya pili), katika mishororo yote minne. Je, hii ni mtiririko? Haiwezekani kujua. Mtiririko (vina vilevile katika beti zote), ukara (kina kimoja hubaki, kingine hubadilika) na ukaraguni (vyote hubadilika) hutambuliwa kwa kulinganisha vina kutoka ubeti hadi ubeti, na huu ni mmoja. Vivyo hivyo, mshororo wa mwisho hauwezi kuitwa kibwagizo mpaka uonekane ukirudi. Maswali ya namna hii yamewekwa makusudi kwenye mazoezi, kwa sababu jibu sahihi ni "ushahidi hautoshi", na wanafunzi wengi hawajawahi kuruhusiwa kulitoa.

Baada ya kuhesabu, umbo liulizwe linafanya nini. Kila ukwapi unaishia kwa kitenzi: twaweka, tunavishika, twalizika, aliyetoka. Kila utao unaishia kwa mahali: ndani, kabatini, midomoni, moyoni. Vitenzi vitatu ni vyetu, cha nne ni chake yeye. Mahali panazidi kusogea ndani, kutoka nyumba hadi moyo. Sasa "mwetu moyoni" inaeleweka kwa namna mbili. Ni uhuru wa kishairi, kwani "moyoni mwetu" ingevunja kina. Lakini pia ndiyo inayoiweka "moyoni" mwisho wa safari hiyo ya ndani. Kuandika "mtunzi ameboronga sarufi ili kupata vina" na kuishia hapo ni kuacha nusu ya kazi.

Mwandishi na kusudi (limefungwa)

Mwaka 1946 W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley walidai kwamba kusudi la mtunzi haliwezi kuwa kipimo cha kazi yake. Mwaka 1967 Roland Barthes alikwenda mbali zaidi katika insha yake ya kifo cha mwandishi. Mwongozo haumfukuzi mwandishi kabisa. Kinaya cha usemi, kwa mfano, hakieleweki bila kumfikiria mtu aliyekusudia. Kinachokataliwa ni kufunga mjadala kwa maneno "mwandishi alitaka kusema". Kwa vitendo: kila penye maneno hayo, weka "matini inaonyesha" na uone kama sentensi bado inasimama. Ikianguka, ilikuwa inaegemea kitu kilicho nje ya ukurasa.

Ndiyo maana watunzi wa matini zetu hawaulizwi. Jibu lao lingegeuka kuwa jibu sahihi, na majaribio yangekoma.

Nadharia (wazi kwa sehemu)

Kila nadharia imeandikwa kama maswali. Umaumbo unauliza mbinu gani inalifanya jambo la kawaida lionekane geni, kama Viktor Shklovsky alivyoeleza mwaka 1917; jicho la mtoto linafanya hivyo hasa. Ufeministi unauliza nani anasema na nani anatenda: "Baba alisema", "Mama aliosha". Maneno yamegawiwa mmoja, kazi mwingine, na yule wa kazi ndiye mwenye ukweli. Umuundo unatafuta jozi zinazopingana: nne na tatu, kusema na kutenda. Usomaji wa kisaikolojia unaona ukanaji, lakini unapimwa usije ukamtibu baba kana kwamba ni mgonjwa halisi. Umaksi umeachwa wazi: kifungu hakitoi habari za mali wala uzalishaji kiasi cha kuulisha, na kuulazimisha kungemfundisha msomaji kuitungia matini kile isichokuwa nacho.

Kanuni iliyopitishwa: andika kwanza mambo unayoyaona, bila istilahi ya nadharia yoyote, ndipo uchague. Anayeanza na nadharia hukuta alichokiweka mwenyewe.

Utaratibu wa kusoma na ushahidi (limefungwa)

Usomaji ni mara tatu. Wa kwanza bila kalamu. Wa pili kwa kuweka alama penye marudio, penye mapengo, na penye neno ambalo lingeweza kuwa jingine. Wa tatu unaanza na dai na kwenda kutafuta kinacholikanusha, na huu ndio unaorukwa zaidi.

Mfano kamili umeingizwa. Dai la kwanza: "Familia inamficha mtoto ukweli." Ushahidi wa kukanusha: kauli ya baba haina mlengwa, hakuna mahali panaposema mtoto ndiye anayefichwa. Dai linarekebishwa: "Familia inaukana ukweli." Linakanushwa tena: mama ameandaa vikombe vitatu, kwa hiyo hajakana. Dai la tatu: "Baba anakana kwa mdomo, mama anakiri kwa mikono, na mtoto anaisoma mikono hiyo bila kuielewa." Hili limestahimili. Sehemu zimesahihisha kizima, na kizima kimezipa sehemu maana. Wanahemenetiki, wataalamu wa nadharia ya ufasiri, huuita mzunguko huo duara la ufasiri.

Dondoo ziwe fupi, maneno matatu hadi manane, zikifuatwa na maelezo marefu kuliko zenyewe. Dondoo isiyofuatwa na maelezo kuhusu neno mahususi lililo ndani yake iondolewe.

Yanayosubiri

Toni: bado inakosa jaribio thabiti. Linalojaribiwa ni kumpa msomaji vivumishi viwili vinavyokaribiana, kama "huzuni" na "majuto" katika umbo la "ya huzuni" na "ya majuto", na kumtaka ataje neno la matini linaloamua kati yake.

Mwingilianomatini: dhana ya Julia Kristeva inahitaji matini mbili zenye uhusiano, na hizi zetu zinafaa, mradi msomaji aonyeshe kile ambacho ubeti unakibadilisha katika nathari, si kufanana peke yake.

Tamthilia: hakuna kati ya matini hizi yenye maelekezo ya jukwaa wala mazungumzo ya moja kwa moja. Inatungwa ya tatu: onyesho la mistari kumi na miwili, meza ileile, baba na mama wakizungumza, na mtoto akiwa jukwaani bila mstari hata mmoja.